Shaba Mkononi: Asubuhi ya Kwanza na Weji ya Mizuno T24

Imefika! Na kabla sijaandika lolote la maana, naomba nikiri kwamba usiku wa kwanza nililala nayo chumbani, imeegemea ukuta upande wangu wa kitanda, mama watoto akiitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa. Weji ya Mizuno T24, digrii 56, rangi ya shaba. Rafiki yangu aliibeba kwenye begi kutoka Johannesburg, akaipandisha barabara ya Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, akasubiri naye foleni kama wote wanaosubiri pale na malori yao, na jioni akanipigia simu akiwa nje ya geti. Nilitoka na ndala. Najua, duniani ilianza kuuzwa 2023. Kwetu fimbo haizeeki kabla haijafika.

Hapa Lubumbashi, Golf ni anwani kabla haijawa mchezo. Mwambie dereva wa teksi akupeleke Golf, naye atakuuliza: Météo, Malela, au Faustin? Mitaa mizima imebeba jina la uwanja, na wengi wanaolala humo hawajawahi kushika fimbo hata siku moja. Mimi nimeishika miaka kumi na moja, na kumi kati ya hiyo nimecheza na weji isiyokuwa yangu. Namaanisha niliinunua kwa pesa yangu mwenyewe, lakini haikuwa ya mchezo wangu wala ya udongo wangu. Hilo nimeligundua kwa asubuhi moja tu, ndiyo maana naandika huku mikono inatetemeka.

Tuanze na macho, maana macho ndiyo yaliyoniponza. Rangi yake Mizuno wanaiita shaba ya jinzi: hudhurungi ya shaba iliyokolea bluu nzito, kama suruali iliyofuliwa mara nyingi. Ukiigeuza kwenye mwanga inabadilika. Kichwa ni kidogo, kimechongoka kama tone la maji, na ukikiweka nyuma ya mpira hakuna kinachokukera jicho. Usoni kuna mifereji, na katikati ya mifereji kuna mistari myembamba sana iliyochorwa kwa leza, kazi yake kuondoa maji kati ya uso na mpira. Mifereji yenyewe hailingani fimbo kwa fimbo: kwenye weji zenye mwinamo mdogo ni myembamba na mirefu kwenda chini, kwenye zile zilizolala zaidi ni mipana na ya juujuu. Mtu alikaa akafikiri.

Lakini jambo lililonifanya niagize halionekani. Chini ya ngozi ya nje kuna utando mwembamba wa shaba, na chini ya utando huo ndipo kuna chuma chenyewe, chuma laini cha kaboni kilichotiwa boroni. Utando ule umewekwa ili mguso uwe mwororo mkononi. Shaba, jamani! Mwambie hivyo mtu aliyekua akilitazama bomba la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru pembeni yake. Mwambie mtu ambaye wazee wake walilipana kwa misalaba ya shaba kabla ya noti yoyote kufika huku. Ningekataaje?

Kuna na hili. Mizuno ilianzishwa Osaka mwaka 1906. Mwaka huohuo iliundwa Union Minière du Haut-Katanga, ije ichimbe kwetu. Na vichwa vya fimbo hizi hufuliwa Hiroshima. Nilipolisoma jina hilo nilinyamaza kidogo. Mtu wa Haut-Katanga hawezi kulisoma akapita tu, kwa sababu urani ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, ilikuwa sehemu kubwa ya iliyoingia kwenye kazi ya lile bomu la 1945. Sasa kitu kimesafiri upande wa pili, kutoka Hiroshima kuja kwetu, na kazi yake ni kuinua kampira keupe kutoka mchangani. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Haya, uwanjani.

Jua ndiyo kwanza linachomoza. Mwezi wa tisa, ardhi haijaonja mvua kwa miezi mingi, na mlio wa hatua zetu kwenye majani ulikuwa kama wa mtu anayetembea juu ya mkeka mkavu. Kedi wangu ni kijana anayeniita Papa ingawa hatupishani sana. Akaichukua fimbo, akaipima uzito, akaigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye wayo. Kidole gumba kile kilijua kitu ambacho mimi nimechukua muongo mzima kukijua.

Maana wanunuzi wengi, mimi nikiwa wa kwanza, tunasoma namba moja tu. Hamsini na sita! Sitini! Tunashindana kwa mwinamo wa uso, nani ana fimbo iliyolala zaidi, nani anaweza kuupandisha mpira ukaenda kuwasalimia ndege. Namba hiyo inakwambia mpira utapanda kiasi gani. Haikwambii fimbo itafanya nini ikikutana na ardhi, na weji hukutana na ardhi kila mara inapofanya kazi yake.

Kwa hiyo igeuze. Chini ya kichwa kuna wayo, kama wa mguu. Simamisha fimbo, utaona ukingo wa mbele umeinuka kidogo, na tumbo la wayo ndilo linalogusa chini. Pembe inayopatikana hapo ndiyo baunsi. Digrii 4 hadi 6 ni kidogo, 7 hadi 10 ni wastani, zaidi ya hapo ni nyingi. Wayo wenye baunsi nyingi ni kama tumbo la mtumbwi, unakataa kuzama. Wenye baunsi kidogo ni kama jembe, unaingia. Sasa jiulize unapita juu ya nini: juu ya maji au juu ya tofali?

Mimi nilikuwa napita juu ya tofali kwa mtumbwi. Weji yangu ya zamani ina digrii 14 za baunsi, niliinunua kwa sababu mchezaji mmoja wa kwenye televisheni alikuwa na namba hiyohiyo. Kwenye udongo wetu mwekundu wa kiangazi wayo ule unagonga chini, unaruka, na ukingo unaukuta mpira tumboni. Mpira haupandi. Unakimbia chinichini kama panya aliyeona taa, unavuka grini na kuingia kwenye majani ya ng'ambo. Miaka kumi nikidhani ni mikono yangu. Nilibadilisha mshiko, nikabadilisha mguu wa mbele, nikabadilisha hata viatu.

T24 yangu ina baunsi ya wastani, na kisigino cha wayo kimenolewa ili ukiufungua uso, ukingo wa mbele usipande juu sana. Mita 30 hadi kwenye shimo, mpira umekaa juu ya kipara cha udongo. Nikapiga kwa nguvu ya miaka kumi ya hasira. Ukapita grini kwa juu, safi kabisa, ukatua mbali.

"Papa, usiipike na nguvu," kijana akasema. "Acha fimbo yenyewe itumike."

Nyinyi wa Dar na Mombasa msicheke. Kwetu mpira hupikwa. Na ule wa pili ulipikwa ukaiva! Nikaacha kichwa kianguke kwa uzito wake, sikusikia ule mlio wa chuma kikigonga udongo, nikasikia tu kitu kama mtu aliyefunga mlango wa gari jipya. Mpira ukatoka chini kuliko nilivyozoea, ukadunda mara moja, ukadunda tena, halafu ukafunga breki. Breki! Kama dereva aliyemwona polisi. Ukasimama mita moja na nusu kutoka shimoni, na mimi nikabaki nimesimama vilevile, fimbo hewani, sitaki hata kupumua.

"Njo vile!" kijana akapiga kelele. "Njo vile, Papa!"

Nilipiga arobaini. Sita zilikuwa mbaya, na hizo zilikuwa mbaya za kwangu, fimbo haihusiki.

Tukaenda mchangani. Hapa inabidi nimtaje mzee Gene Sarazen, mwenye deni letu sote. Kabla yake watu walitoka mchangani kwa fimbo zenye ukingo mkali zilizozama kama jembe, kila mara ukiomba Mungu. Sarazen alikuwa akijifunza kurusha ndege, akaona jinsi mkia unavyoshuka na pua ikapanda, na mwaka 1931, huko Florida, akaanza kuyeyusha risasi na kuibandika nyuma ya wayo wa fimbo yake ili nyuma igonge mchanga kwanza na mbele iinuke. Mwaka 1932 akaibeba hadi Prince's, Uingereza, kwenye mashindano ya Open. Inasimuliwa kwamba siku za mazoezi aliigeuza kichwa chini ndani ya begi ili wakubwa wa mchezo wasiione wakaipiga marufuku. Akashinda kwa mapigo 283, matano mbele ya aliyemfuata. Baunsi yote tunayolipia leo imetoka kwenye ile risasi iliyoyeyushwa.

Sasa kitabu kitakwambia: mchangani chukua baunsi nyingi. Ni kweli kama mchanga wako ni mwingi na mlaini, mguu unazama hadi kwenye kamba za kiatu. Lakini mchanga ukiwa tabaka jembamba juu ya ardhi ngumu, wayo mnene unafika chini, unagonga, unarudi juu, na mpira unaruka kichwa. Nilifukua kwa kidole cha kiatu nikaona kwangu ni tabaka jembamba. T24 ikapita chini ya mpira kama kijiko chini ya ugali. Mara tatu mfululizo! Mara ya nne nilikuwa nimeshaanza kuringa, na mchezo huu hauna huruma kwa anayeringa.

Hadi hapo nilikuwa tayari kuitupa ile ya zamani ziwani. Kijana ndiye aliyenizuia. Aliniomba dakika tano, akaondoka, akarudi na ndoo ya maji, akaimwaga yote kwenye kipande cha ardhi karibu na miti. Akasubiri yanywewe. "Sasa ni mwezi wa kumi na mbili," akasema.

Aisee. Kwenye matope yale T24 yangu ilichimba. Haikuzama hadi shingoni, lakini kila mpira wa tatu niliukuta nimeshachimba nyuma yake, na mpira ukaenda hatua sita kwa aibu. Akanipa ya zamani, ile ya digrii 14, mtumbwi wangu. Ikateleza juu ya matope, ikaubeba mpira, ikautua kwenye grini taratibu. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Miaka kumi niliitukana fimbo ambayo ilikuwa inangoja mvua.

Ndiyo habari niliyokuja kuwapa, na sioni kama nimewahi kuisoma mahali imeandikwa kwa ajili yetu. Tuna misimu miwili isiyofanana hata kidogo: kiangazi kinachofanya ardhi kuwa tofali na masika yanayoirudisha kuwa udongo wa mfinyanzi. Anayeishi kwenye mvua za mwaka mzima anaweza kununua weji moja ya digrii 56 akaoa nayo. Wewe wa Lubumbashi, na jirani zetu wa Chingola, Kitwe na Ndola ambao wanacheza katikati ya vichuguu vikubwa kama nyumba, tunahitaji mbili za mwinamo mmoja na nyayo tofauti. Kanuni inaruhusu fimbo 14 begini. Haikuzuii kubadilisha begi mwezi wa kumi na moja mvua zikianza.

Jinsi ya kusoma: wengi wanachonga namba palepale kwenye kichwa. Ukiona weji ya Vokey SM10 imeandikwa 56.14 na herufi F, hiyo ni digrii 56 za mwinamo na 14 za baunsi, herufi ni umbo la kunolewa kwa wayo. Ileile ya digrii 56 ipo pia kwa 08 na herufi M. Ya kwanza inasubiri mvua, ya pili ni ya kiangazi. Muuzaji akikwambia zote ni za 56 na zinafanana, msalimie uondoke. Na tazama ardhi unayoikata wewe mwenyewe. Kuna wanaoshuka kwa kasi na kuondoka na bonge la udongo kama wanachimba viazi, hao waongeze baunsi hata kiangazi. Wanaofagia majani tu, kama mimi, wapunguze.

Mwinamo nao una hesabu yake, ingawa nitapita haraka kwa sababu hapa hakuna siri. Tafuta kwanza mwinamo wa ile weji iliyokuja na seti yako ya vyuma. Zamani ilikuwa digrii 48, seti za leo inaweza kuwa 44 au hata 43, kwa hiyo usiseme unaijua kabla hujauliza. Toka hapo panda kwa digrii 4 hadi 6. Yangu ni 45, kwa hiyo nina tundu kubwa kati yake na hii ya 56, nalo linahitaji ya 50 au 51. Ya digrii 60 waachie wanaofanya mazoezi kila siku. Nimeijaribu, imenidhalilisha mbele ya watu.

Na kwa mgeni anayetoka Nyali au ufukwe wowote: hapa tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali zaidi, kama mita 4 kwenye kila 100 kwa fimbo zinazouruhusu kuruka hasa. Kwa weji ni pungufu kidogo, lakini zinatosha kukutoa grini. Usije na umbali wa nyumbani umeuandika kwenye kadi.

Kasoro zipo, na mapenzi hayajanipofusha kabisa. Chuma chake ni laini, na udongo wetu una vijiwe vya laterite. Baada ya asubuhi moja kuna alama mbili kwenye wayo, moja naweza kuihisi kwa ukucha. Rangi nayo inalika pale mpira unapogusa. Wanaopenda vitu vibaki vipya wachukue ile iliyopauka nyeupe. Kubwa zaidi: kichwa ni kidogo na hakimsamehe anayepiga pembeni. Kama bado unahesabu mapigo zaidi ya 100 kwa mashimo 18, sahau uzuri huu kwa sasa, kanunue Cleveland CBX yenye mgongo uliochimbwa, itakusaidia unapokosea. Nilimwambia hivyo rafiki yangu mmoja, hajanisamehe.

Ilipotoka bei yake ilikuwa chini kidogo ya dola 200, na njia yote hadi hapa inaongeza ya kwake. Na kwa kuwa fimbo bandia nazo husafiri, beba sumaku ndogo mfukoni, ile ya mlango wa friji inatosha. Chuma cha kaboni kinaivuta na kuing'ang'ania hata kikiwa kimevikwa shaba. Zile za kumimina kwa zinki sumaku inateleza na kuanguka. Nilifanya jaribio hilo getini, na ndala zangu, mbele ya rafiki aliyeibeba kutoka Johannesburg. Alinitazama tu.

Tulipomaliza jua lilikuwa limeshapanda na wenzangu wa Jumamosi walikuwa wanaegesha magari. Watatu kati yao wana mikono ya kuazima. Kijana akawaona kabla yangu. Bila kuambiwa akaifuta fimbo na kitambaa, uso, wayo, shingo, halafu akaiingiza begini kichwa chini, mpini juu, kama alivyofanya Sarazen.

"Weji mpya iko wapi?" mmoja wao akauliza kabla hata ya salamu.

Kijana akaangalia miti. "Bado iko Kasumbalesa," akasema.